Neno Nililolitafuta Mwenyewe

Nilikulia Karagwe, upande wa Tanzania, na huko mtoto hufundishwa salamu kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Ukimkuta mtu analima, anafua au anashona, humpiti hivihivi. Unamwambia pole na kazi, naye anakujibu asante. Ukimwacha unamwambia kazi njema. Wazazi wangu waliporudi Rwanda nilirudi nao, ingawa kwangu mimi ilikuwa kuja kwa mara ya kwanza, na nilipopata nafasi ya kufundisha Kiingereza Gisenyi nilifika na salamu hiyo mdomoni na sanduku la bati mkononi. Watu walinicheka. Muuza samaki mmoja aliniuliza kama kwetu Tanzania kazi ni ugonjwa, maana anayepewa pole ni mgonjwa.

Baada ya shule nilikuwa nakwenda kukaa kwenye kibaraza cha fundi cherehani, mzee wa Kiislamu ambaye babu yake alifika mjini na biashara ya nguo, na ambaye nyumbani kwake walizungumza Kiswahili tangu enzi hizo. Mara ya kwanza nilikwenda kupunguza sketi. Nikabaki kwa sababu ya lugha. Siku nzima nilikuwa nimehangaika na Kinyarwanda changu cha kuungaunga, wanafunzi wakinicheka nyuma ya madaftari, na nikifika pale nilipumua. Kiswahili chao hakikuwa kama changu, kwao mtu alikuwa mutu, watu walikuwa batu na kila kitu kilikuwa "iko", lakini tulielewana vizuri. Na mimi, Mungu anisamehe, nilijiona bingwa kati yao. Niliwasahihisha hata pale ambapo hawakuniomba.

Tuliokaa pale kila siku tulikuwa wanne. Fundi mwenyewe. Yule muuza samaki, mama mnene wa kando ya ziwa, ambaye akimaliza kuuza sambaza zake, dagaa wa ziwa letu, alikuja kupumzisha miguu na kutusema mmoja mmoja. Mimi. Na mwanamke wa umri wangu aliyekaa mwisho wa benchi, mgongo ukutani, akishona vifungo na kukunja pindo za nguo ambazo fundi amezimaliza. Mimi nilimwita dada.

Habari zake nilizijua nusunusu. Alikuwa na nyumba yenye watu upande wa Kanzenze, na sasa alikuwa na chumba kimoja juu ya soko, peke yake. Zaidi ya hapo sikuuliza. Miaka ile mjini kwetu watu hawakuulizana walikuwa wapi wala walibaki wangapi. Fundi aliniambia kwamba miezi ya kwanza dada alikuwa anachukua nguo, anakwenda kuzishonea kwake na kuzirudisha bila kuvuka kizingiti. Baadaye akawa anasimama kidogo. Halafu siku moja akakaa. Mimi nilipoanza kwenda pale alikuwa tayari anakaa mchana mzima, na fundi alimtunzia nafasi yake kwenye benchi hata wateja waliposimama. Fundi aliogopa kulisema jambo hilo kwa sauti, asije akaliharibu.

Salamu yangu dada hakuiitikia hata mara moja. Nilikuwa nikifika na "poleni na kazi" yangu, fundi anajibu, mama wa samaki ananiigiza kwa sauti ya puani, na dada anainama zaidi juu ya kifungo chake. Nilidhani ni haya. Siku nyingine, nikiwa nimechoka, nilidhani ni maringo.

Mwaka huo barabara hazikuwa salama. Viazi vya Mudende vilikuja wiki moja vikakosekana mbili, milio ya bunduki ilisikika kutoka milimani, na shule ilituachia mapema ili kila mtu awe kwake kabla giza halijaingia. Kwa hiyo mchana ulikuwa mrefu, na hatukuwa na la kufanya nao. Redio ya fundi ilipokufa kabisa, akaniambia, mwalimu, wewe una vitabu, tusomee. Nikaanza na vitabu vya hadithi nilivyotoka navyo Karagwe, vya watoto, vyenye sungura na fisi. Siku moja fisi alipokwama mlangoni kwa sababu ya tumbo lake, dada alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, mkono mdomoni, na akaendelea kushona. Fundi alisimamisha cherehani akanitazama, na macho yake yalikuwa na maji.

Tangu siku hiyo nilikuwa na shabaha moja tu, kwamba dada acheke tena.

Ndipo akaja kijana wa Kampala. Alikuwa amezaliwa Uganda, amerudi kama mimi, na alifanya kazi katika ofisi fulani yenye gari. Alikuja kushonewa suti, akanikuta nasoma habari za sungura kwa watu wazima, akaona haya kwa niaba yetu. Kesho yake akaniletea riwaya ya Kiingereza iliyokwisha kuchanika jalada. Akasema hii ni klasiki, vyuo vyote vya dunia vinaisoma. Fundi akauliza kwa adabu kama klasiki ni ile ya vifungo viwili au vitatu, maana kwake neno hilo lilikuwa la mtindo wa koti. Mama wa samaki alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge.

Nilikisoma kitabu peke yangu Jumamosi na Jumapili. Kilikuwa na habari za mji usio na jina, katika wakati ambao haujafika. Baada ya njaa kubwa serikali ya mji ule inaamua kwamba kila nyumba iwe na idadi yake ya watu, na wanaozidi wanaondolewa na vijana waliovaa glavu. Mwandishi hakuficha kitu. Damu ilikuwa nyingi, na iliandikwa kwa upole, jambo lililonitisha zaidi. Lakini nakiri kwamba nilikisoma kama mwalimu wa lugha. Kilichonivutia kilikuwa neno moja. Katika mji ule hakuna aliyesema kuua. Walitumia kitenzi cha kawaida kabisa cha Kiingereza, kile ambacho mama hukitumia kumwambia mtoto atengeneze chumba chake vizuri, vitu vikae mahali pake. Kila ukurasa vijana walitengeneza nyumba, wakarudi, wakanawa.

Nilikuwa najua kidogo kwamba si kitabu cha kibaraza kile. Najiuliza hadi leo kwa nini sikukirudisha. Nadhani kijana alikuwa amenidharau na sungura wangu, na nilitaka aone kwamba naweza.

Siku ya kwanza nilitafsiri papo hapo, kitabu mkononi, na kile kitenzi nikakigeuza kuwa kupanga. Vijana wakaenda wakaipanga nyumba ya jirani. Mama wa samaki akainua mkono. Alitaka kujua kama wamehamia na mizigo yao au bila mizigo. Sikumwelewa mpaka fundi alipoanza kutikisika mabega. Bila shaka, anayepanga nyumba ni mpangaji. Nilikuwa nimesoma kurasa sita za mauaji na wao walikuwa wanasikia habari za watu wanaotafuta chumba. Tulicheka sote. Dada naye alitabasamu, nilimwona, na nilikwenda nyumbani nimejaa furaha, lakini pia nimechukia kwamba neno limenishinda.

Jioni ile niliketi na kamusi na biki. Kusafisha nilikukataa, kulikuwa na harufu ya sabuni. Kutengeneza kungewafanya wafikirie waashi. Nilitaka neno la kila siku, safi, lisilo na hatia, ambalo mtu anaweza kulitamka mbele ya watoto. Nikaliandika, nikalifuta, nikaliandika tena. Kazi. Vijana wanakwenda kazini. Vijana wanafanya kazi. Nyumba ile imeshafanyiwa kazi. Nilisema peke yangu chumbani kwamba mwandishi mwenyewe angekuwa Mswahili angechagua hilohilo. Nililala nikijipongeza.

Kesho yake kijana wa Kampala alikuwepo, amekuja kujaribu koti. Nikafurahi, kwa kuwa nilimtaka asikie. Nikasoma taratibu, kwa sauti yangu ya darasani. Nikasoma kwamba asubuhi vijana waliitwa, wakapewa chai, wakaambiwa nendeni mkafanye kazi. Kwamba walikwenda wakiimba. Kwamba jioni, njiani, mama mmoja dirishani aliwauliza, je, mmefanya kazi? Nao wakamjibu, tumefanya, bado kidogo, kesho tunamaliza.

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Sikujua imenyamaza tangu lini. Nilipoinua macho nilidhani nimewakamata kweli, kwamba ndio ule utulivu ambao kila msomaji anauota. Dada alichoma sindano kwenye shati, akalikunja shati lile mara mbili, akaliweka juu ya benchi mahali alipokuwa amekaa. Akashuka ngazi. Hakukimbia. Alitembea kuelekea sokoni kwa mwendo wake wa kawaida, na hakugeuka.

Nikamwuliza fundi kama dada anaumwa. 

"Mwalimu," akasema, "ile neno hapa iko na benyewe."

Sikuelewa. Ilibidi anieleze, na alinieleza akiwa ameshika gurudumu la cherehani kwa mikono miwili, bila kunitazama. Mwaka ule wa mauaji hakuna aliyesema kuua. Walisema kazi. Asubuhi watu waliitwa kwenda kazini, redio iliwahimiza wafanye kazi, na jioni waliorudi na mapanga waliulizana kama wamefanya kazi. Yeye alikuwepo, alikuwa amekaa palepale kwenye kibaraza. Aliyasikia maneno hayo yakipita barabarani kwa sauti hizohizo nilizosoma mimi, hata lile la kesho tunamaliza. Mimi mwaka ule nilikuwa Karagwe, nasahihisha insha.

Niliona aibu ambayo sina namna ya kuipima. Halafu nikakumbuka salamu yangu. Miezi yote ile, kila mchana, nimesimama mbele ya mwanamke yule na kumpa pole na kazi, kisha nikamwita mwenye maringo.

Kijana wa Kampala ndiye aliyeanza kusema. Alisema kwamba hii sasa ndiyo nguvu ya kitabu, mwandishi aliyeandika mbali na zamani amegusa jambo la hapa, na kwamba kila Mnyarwanda alazimishwe kukisoma. Dada hajakielewa tu, akasema, kitabu kiko upande wake. Alikuwa na pini za fundi begani na koti lina mkono mmoja. Nilimwambia kwa ukali ambao sijawahi kuutumia hata darasani kwamba dada amekielewa kuliko yeye, kuliko mimi na kuliko vyuo vyote vya dunia.  Sikusikia nafuu yoyote, maana aliyelisoma neno lile ni mimi.

Mama wa samaki naye alikuwa na lake. Yeye alisema aliyeandika ni mwongo. Katika kitabu majirani walifunga mapazia wasione. Alituambia kwamba yeye hapa hakuona pazia lililofungwa, watu walisimama nje kutazama, na wengine walibeba viti. Alilisema kwa sauti yake ya sokoni, kisha akaokota beseni lake. Kabla ya kuondoka alinivuta pembeni akaniuliza kama yule kijana wa glavu wa mwanzoni mwa kitabu anakuja kukamatwa. Nilimwambia hapana. Akasema basi, hapo aliyeandika amesema kweli.

Na fundi? Fundi aliniomba nisikiache kitabu kile nyumbani mwake hata usiku mmoja. Lakini siku tatu baadaye, tukiwa wawili, aliniuliza kinaishaje. Nilimsimulia kwa kifupi, bila lile neno. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema ahsante, akaenda kuswali.

Dada hakurudi. Siku ya kwanza tulisema amepumzika. Siku ya pili mteja mmoja alitaka kukaa mahali pake, fundi akamzuia. Wiki ikaisha. Nilikwenda kwenye nyumba ile juu ya soko nikagonga, nikasikia mtu ndani, na mlango haukufunguliwa. Nikamtuma mama wa samaki, yeye akafunguliwa, akapewa kiti, wakaongea habari za bei ya sambaza, na alipotaja kibaraza dada alimwuliza kama mvua imenyesha upande wa ziwa. Nikaandika barua. Niliandika tatu nikazichana, kwa sababu katika kila barua ilibidi nilitaje neno lenyewe ili niliombee radhi.

Mwishowe fundi ndiye aliyepata njia. Sare za shule zilikuwa nyingi, vifungo havikuwa na wa kuvishona, na yeye hakutaka kumpa mtu mwingine. Akafunga mashati kumi na mawili ndani ya kitambaa, akaweka na uzi na boksi la vifungo, akanikabidhi. Alisema nimpelekee, na nimwambie benchi lake lipo.

Safari hii mlango ulikuwa wazi, dada ameketi kwenye kigoda kwenye mwanga. Alipokea mzigo kwa mikono miwili, akaufungua, akahesabu mashati kwa kidole. Alinionyesha kitanda nikae, maana kiti kilikuwa kimoja. Nilikaa. Hotuba yote niliyoiandaa njiani ilinitoka kichwani. Nilisema tu kwamba sikujua, kwamba kwetu neno lile ni la kumheshimu mtu, kwamba kama ningejua ningejikata ulimi.

Alitunga uzi kwenye sindano. Alishona kifungo cha kwanza chote kabla ya kusema.

"Mwalimu, ile neno nani alikupatia? Iko mu kitabu?"

Ningeweza kusema ndiyo. Mara nyingi nimefikiria kwamba ningesema ndiyo, ningemtupia lawama mwandishi wa mbali, na pengine angerudi kwenye benchi lake. Lakini nilikuwa nimekwenda pale kumwambia kweli. Nikamwambia halimo kitabuni, kitabuni kuna neno jingine. Hili nililitafuta mwenyewe.

"Ulikuwa umeisikia ku radio?"

"Hapana, dada. Sikuwahi kulisikia hivyo."

"Sasa uliitafuta wapi?"

"Kichwani tu," nikasema. "Nilikaa na biki, nikatafuta neno linalofaa."

Akaiacha sindano ikae ndani ya kitambaa. Alinitazama kwa muda, na hakukuwa na hasira usoni mwake. Hasira ningeiweza.

"Mi nilikuwaka nafikiri iko neno ya bale batu," akasema. "Nilikuwaka nasema, iko batu ba namna yao tu ndio banaweza kuipata. Nilikuwa nakaa na batu bengine, nasema, hawa hapana, hawa hawana ile neno. Sasa we mutu muzuri, umekaa kwako na biki, umeipata."

Nilianza kumweleza. Nilimweleza kwamba neno ni neno, kwamba mtafsiri hutafuta kinachofanana, kwamba kupata si kutaka. Nilijisikia nikisema maneno ya darasani, moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa sahihi, na hakuna hata moja lililomfikia. Alikuwa anatikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayemsubiri mgeni amalize. Kwa hiyo nikamaliza. Nilimwambia fundi anasema benchi lake lipo. Akasema namushukuru muzee. Akasema mashati atayatuma yakiwa tayari.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama na ilinibidi niondoke kabla barabara haijawa tupu. Nikainuka. Dada alikuwa amerudia kushona, kichwa kimeinama. Pale mlangoni nilimgeukia kumuaga, mkono juu ya fremu, nikiwa nimechoka na nimejaa machozi, na mdomo wangu ukafanya kile ulichofundishwa Karagwe kabla sijajua kufunga kamba za viatu.

"Kazi njema, dada," nikasema.

Nililisikia likitoka. Nilisimama pale na sikuweza kulirudisha wala kulipita. Tangu nimfahamu hakuwahi kuniitikia salamu yoyote ya namna hiyo.

"Asante, mwalimu," akasema, akakata uzi kwa meno, akachukua kifungo kingine.